MPENI MPIRA ANGALI MGENI

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi. Tunaiandika kwenye insha na kupewa alama zetu vizuri sana. Lakini tukitoka darasani na kuingia kiwanjani tunaisahau, tunataka mchezaji aelee bila ya kuundwa.

Ndugu msomaji, nazungumzia timu yetu ya mpira wa vikapu, hasa ile nafasi ya pointi gadi. Kwa wale ambao huja kiwanjani kupiga makofi tu, huyu ndiye anayeuleta mpira mbele, anayeamua ni nani apewe, na anayelaumiwa mambo yakiharibika. Nafasi hiyo kwa sasa ni yangu. Mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wa KCSE na kuaga shule. Nyuma yangu yuko chipukizi mmoja, jina lake silitaji, mnamjua. Anadunda mpira kwa mikono yote miwili, mbio anazo, adabu anayo. Lakini muhula mzima amecheza dakika chache sana, na zote ni zile za mwisho, wakati mechi imekwisha kuamuliwa. Kazi yake nyingine ni kubeba chupa za maji.

Maoni yangu ni haya: apewe dakika zake katika kila mechi, tena zitoke kwangu.

Najua wengine watacheka. Mtu gani anaomba kupunguziwa dakika? Wacha niwasimulie kilichonipata mimi nikiwa Kidato cha 2.

Tulikuwa tumekwenda Kajiado mjini kwa mechi. Muhula huo wote sikuwa nimegusa mpira hata mara moja katika mchezo wa kweli. Zikiwa zimesalia dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi tatu, gadi wetu akateguka kifundo cha mguu. Nikasikia naitwa. Jamani, miguu ilikuwa kama ya kuazima! Sheria yasema timu ina sekunde 8 kuvusha mpira nusu ya kiwanja. Mimi nilizimaliza zote nikiwa bado upande wetu, mbele yangu kijana mmoja mrefu amenyoosha mikono kama matawi ya mgunga. Mpira uliofuata alininyang'anya kabisa, akaenda kufunga peke yake. Nikatolewa. Njiani kurudi Kitengela, kutoka Kajiado mpaka tulipoipita Isinya, hakuna aliyenisemesha ndani ya basi. Baada ya hapo nilikaa kwenye benchi karibu mwaka mzima. Nilitaka kuacha mchezo huu, na siku mbili nilijificha maktaba wakati wa mazoezi.

Sikuandika haya ili kumlaumu mtu. Nauliza tu: je, kosa lilikuwa la mikono yangu, au la kunipa mtihani ambao sikuwahi kufundishwa somo lake?

Tufanye hesabu kidogo. Mechi ina robo nne za dakika 10, yaani dakika 40. Wachezaji watano uwanjani mara dakika 40 ni dakika 200. Timu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 12. Katika dakika zote hizo 200, je, tumekosa 8 za kumpa mtoto? Mimi hucheza 36 au zaidi, na robo ya nne hunikuta nahema kama mbuzi aliyekimbizwa na fisi. Nikicheza 28 nitakuwa na nguvu mwishoni, na yeye atakuwa amejifunza.

Lakini dakika pekee hazitoshi. Mgeni akitupwa uwanjani na kuambiwa "cheza tu", hajui acheze nini. Anataka kazi moja iliyo wazi. Napendekeza hivi. Mwezi wa kwanza, aingie dakika nne za robo ya pili na dakika nne za robo ya tatu. Kazi yake iwe kuvusha mpira salama na kumkaba gadi wa timu pinzani, basi. Pointi asiziwaze. Mwezi wa pili, aanze kupanga mashambulizi: aseme nani akimbie wapi, nani asimame chini ya kikapu. Mwezi wa tatu, ajaribiwe dakika za mwisho, kwanza katika mechi za kirafiki. Na katika hatua zote, mtu mmoja kwenye benchi awe na daftari aandike: ametoa pasi ngapi zilizozaa kikapu, amepoteza mipira mingapi. Hapo hatutabishana kwa hisia, tutasoma daftari.

Jambo jingine: asitolewe kwa kosa la kwanza. Mchezaji anayejua kwamba akikosea tu anaitwa nje, macho yake hukaa kwa kocha badala ya kukaa kwa mwenzake aliye wazi.

Sisi wa huku Kajiado hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mtoto wa Kimaasai hakabidhiwi kundi lote la ng'ombe siku ya kwanza. Huanza na ndama na wana-mbuzi karibu na boma, mahali mama akitupa jicho anamwona. Akikomaa, hupewa mbuzi na kondoo, ndipo baadaye ng'ombe wa malisho ya mbali. Mwana-mbuzi akipotea atakaripiwa, tena sana, lakini kesho asubuhi fimbo iko mkononi mwake tena. Dakika na kazi ni hizo hizo ninazoziomba mimi, ila wazee wetu walizijua bila saa ya kiwanjani.

Hata huko Marekani ambako mchezo huu ni kazi ya mshahara, mambo ni hayo. Steve Nash alichukuliwa na timu ya Phoenix Suns mwaka 1996. Msimu wake wa kwanza alicheza wastani wa dakika 10 hivi kwa mechi, nyuma ya magadi waliokwisha kubobea kama Kevin Johnson. Dakika chache, lakini alizipata katika mechi 65. Mwaka 2005 na 2006 alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Na hapa kwetu Kenya? Mwaka 1993 mashindano ya Afrika yalifanyika Nairobi, na timu yetu ya taifa ikamaliza ya nne. Kisha tukakosa mashindano hayo kwa miaka 28, mpaka 2021, ambapo tulifuzu baada ya kuwapiga Angola 74 kwa 73 kule Yaoundé. Sababu za ukame ule haziwezi kuwa moja. Ila mimi najifunza hili: kizazi kinachong'ara hakirithiwi chenyewe, lazima mtu akiandae kinachofuata.

Sasa wapo watakaosema, "Mashindano ya kaunti ndogo hayana huruma, ukishindwa mara moja unarudi nyumbani." Kweli kabisa. Sisemi aachiwe nusu fainali. Nasema dakika zake zianzie mechi za kirafiki na za makundi, ili nusu fainali ikifika, awe si mgeni tena. Na mkumbuke mwaka jana nilipopata faulo ya tano katika robo ya nne. Nani alileta mpira? Yule senta wetu mrefu, na wote tuliona maajabu yake!

Wengine watasema, "Mazoezi yanamtosha." Hayamtoshi. Mazoezini anacheza na sisi, anajua hila zetu zote. Tena kiwanja chetu hapa Kitengela kina upepo wa vumbi ambao kila mtu wetu ameuzoea. Ugenini hakuna cha kuzoea ila kwenda.

Wengine tena watasema nafasi hupatikana kwa jasho, siyo kwa huruma. Nakubaliana nao. Basi awekewe masharti: akikosa mazoezi bila sababu, au akikataa kukaba, dakika zake zipotee wiki hiyo. Lakini akitimiza, apewe bila kubembelezwa.

Nakiri hili si rahisi kwangu. Siku ile ya kwanza nitakapokaa chini nimtazame mtu mwingine akiushika mpira wangu, najua roho itaniuma. Lakini mpira si wangu, ni wa shule. Nikiondoka nao kichwani mwangu bila kumwachia mtu, nitakuwa nimeiibia shule.

Bwana Kocha, walimu na wenzangu, mechi yetu ijayo ni ya kirafiki. Robo ya pili ikianza, niiteni niketi. Chupa za maji nitazibeba mimi.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha 4.