Sikio Likiuma Usiku, Mafuta Yabaki Jikoni

Wenzangu chamani wameandika juu ya mapenzi na ukosefu wa kazi. Mimi naomba ukurasa huu niseme juu ya sikio. Anayecheka hajawahi kulala chumba kimoja na mtoto wa miaka 4 anayeumwa na sikio.

Ugonjwa huu una ujanja. Mchana mtoto anacheza, akilala tu maumivu yanazidi. Hapa kwetu Ruiru, saa nane za usiku, duka la dawa limefungwa na teksi si ya mtu wa kibarua. Basi ploti nzima inageuka madaktari! Mlango huu wanasema mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, ule maji ya kitunguu, mwingine maziwa ya mama anayenyonyesha. Kila mmoja anaapa ati yalimponya wa kwake.

Mimi nasema hapana. Aghalabu sikio la mtoto huuma baada ya mafua. Kuna mrija mdogo unaotoka nyuma ya pua hadi nyuma ya kiwambo cha sikio. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wetu, hivyo huziba upesi. Majimaji hujaa huko na kusukuma kiwambo. Sasa, kiwambo kikiwa kizima, mafuta yatapitia wapi? Na kikiwa kimetoboka, mafuta yataingia pamoja na uchafu wake. Lakini watu huyasifu kwa sababu maumivu mengi hupoa yenyewe kwa siku 2 au 3. Wakati mwingine kiwambo hupasuka, usaha ukatoka, mtoto akalala. Jirani atasema, "Si mnaona? Mafuta yametoa uchafu!"

Nyanya yangu wa Makongeni, Thika, hupasha leso kwa pasi ya makaa, akaijaribu kwanza shavuni mwake, kisha akaliegemeza sikio la mtoto hapo huku amempakata wima. Nilipomwomba aache mafuta aliniuliza, "Kwani nyinyi shuleni mmesomea masikio?" Nikamjibu, "La, nyanya, lakini hiyo leso yako hata daktari anaikubali." Akacheka. Leso na parasetamoli ya watoto, kwa kipimo cha uzito wake na si kijiko cha supu, zinatosha kutuliza usiku mmoja. Aspirini mtoto asipewe.

Usaha ukitoka, viringa kitambaa safi cha pamba kiwe na ncha, kiingize kidogo, kikilowa kitoe uweke kingine mpaka pakauke, angalau mara 3 kwa siku. Usikiache humo. Njiti ya kiberiti, hata usiifikirie.

Huko Kambui, katika kaunti yetu ya Kiambu, kuna shule ya viziwi. Anayesikia nusu hapelekwi huko, anaketi nasi. Katika shule yangu ya msingi palikuwa na mvulana aliyetoka usaha mwaka mzima. Wenzake walimhama dawati kwa harufu, na mwalimu akamwita mkaidi kwa kutoitika. Kwao dawa ilikuwa mafuta, kila jioni.

Akiwa mtoto mchanga, au homa ni kali, au nyuma ya sikio pamevimba, msingoje kuche; tafuteni hiyo teksi hata kwa deni. Wengine waende asubuhi, hata kama mtoto ameamka akicheka, ili amulikwe sikio kwa taa. Mkiwa mmelijaza mafuta, daktari ataona nini?