Daftari la Wiki: Mboga za Gondokoro

Gondokoro ni kisiwa cha Nile Mweupe, pua na mdomo na jiji la Juba, na wakazi wake ni Wabari na Wamundari. Wanahistoria huitaja kwa ajili ya wageni waliopita hapo: mwaka 1863 Samuel Baker aliwapokea Speke na Grant waliotoka kusini kutafuta chanzo cha mto, na mwaka 1871 alirudi kupandisha bendera ya Misri, akapabandika jina la Ismailia. Jina hilo halikudumu. Habari za waliokuwa wakilima huko wakati huo hazikuandikwa sana.

Mvua huanza kunyesha kwenye Aprili na kukatika kwenye Novemba. Katika miezi hiyo ndipo hupandwa mtama, mahindi, karanga na ufuta. Shamba likiwa kubwa kuliko nguvu za nyumba moja, majirani huja kulima kwa ujima, na mwenye shamba huwaandalia chakula na marisa, pombe ya mtama. Mto ukifurika hubeba mazao, lakini ukipungua huacha tope lenye rutuba. Kwa hiyo kiangazi, ambacho kwa mkulima wa bara ni miezi ya kukaa, kisiwani ni msimu wa pesa: mboga humwagiliwa kwa maji ya mto, wakati ambapo sokoni ni haba.

Zao la haraka ni mlenda, ambao Juba huitwa kudra. Hukatwa jioni au alfajiri, ukafungwa vitita, ukapakiwa kwenye mtumbwi au boti hadi ng'ambo, kisha ukafika soko la Konyokonyo. Huko muuzaji, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, hukaa na kikopo cha maji, akinyunyizia vitita kila jua linapopanda. Kitita kilichonyauka hushuka bei kabla ya adhuhuri, na kufikia jioni hutupwa. Jikoni kudra hupikwa laini, huliwa na asida, yaani ugali wa mtama au mahindi. Bamia nazo zina wateja wao.

Mshindani wa mkulima huyu ni barabara. Lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na tangu hapo malori ya Uganda hushusha nyanya, vitunguu, kabichi na unga kwa wingi ambao shamba la jembe haliwezi kuufikia. Si haki kumlaumu dereva wa lori: jiji lazima lile, na vita vya 2013 na 2016 viliwafukuza wakulima wengi wa Equatoria mashambani mwao, wengine wakavuka kwenda Uganda. Lakini nyanya huvumilia safari; jani la mlenda halivumilii. Kwa sababu hiyo mboga za majani zimebaki mikononi mwa mashamba ya karibu, na mkulima wa Gondokoro hupanga vitalu vyake akilijua hilo.