Zimwi Nalo Lina Mama: Ilani ya Wasimulizi wa Iga Barrière

Sisi tunaosimulia hadithi jioni hapa Iga Barrière, kando ya njia ambayo magari ya Bunia huipita yakipanda Djugu na Mahagi, na ambayo wachimbaji huifuata kwenda Mongbwalu, tumekubaliana kuanza kazi moja. Tunaiandika ili mtu yeyote aweze kutudai.

Chanzo chake ni mtoto. Papa mmoja mwenye sauti nzuri alikuwa amefika pale zimwi linapotoka msituni kumfuata binti kisimani. Mtoto wa miaka sita hivi akamkatiza: “Papa, na mama yake zimwi anapika nini?” Watu wakacheka. Msimulizi akakosa jibu, hadithi ikafia hapo. Tulipokuwa tunakunja mikeka, mama mmoja aliyeishi kambini miaka mingi baada ya kijiji chake kuchomwa akasema polepole: “Wale waliotuchoma walisimuliwa habari zetu hivyohivyo. Bila jiko.”

Jambo letu ni hilo. Anayesimuliwa bila jiko, bila matanga, bila wimbo wa kumbembeleza mtoto, amekwisha kuuawa mdomoni. Panga linakuja kumalizia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo huishia kwenye kujuliwa na zimwi. Tunataka nasi tulijue zimwi.

Mazimwi ya vitabu vya Ulaya yana jina lao: orki. Mwingereza J. R. R. Tolkien aliwajaza katika The Lord of the Rings, kitabu kilichotoka kati ya 1954 na 1955, wakiwa jeshi la adui, wengi kama nzige. Hata hivyo kuna mahali wawili kati yao, Shagrat na Gorbag, wanazungumza wakidhani hakuna anayewasikia. Wamechoka na wakubwa wao. Wanatamani vita ikiisha watoroke na wenzao wachache, waishi mahali pasipo na bosi. Ukisoma hapo ukiwa mtu wa jimbo letu hili la Ituri, unashtuka: maneno hayo tumeyasikia kwa vijana waliorudi kutoka porini. Kisha kitabu kinaendelea na safari yake, na orki wanakufa kwa mamia. Katika mchezo wa kompyuta wa Warcraft walianza vilevile mwaka 1994, wavamizi tu. Kufikia 2002 walikuwa na kiongozi aitwaye Thrall, na koo, na wazee, na mizimu ya kuheshimu. Walioutunga waliona haja ya kuwapa maisha. Nasi tunaiona, na sababu zetu ni nzito kuliko zao.

Mwaka 1906, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili watu wamtazame. Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, upande wa Mambasa, hapa hapa Ituri, wapiganaji waliua na kupora, Wambuti wa msituni wakiwa miongoni mwa walioumia zaidi, katika operesheni iliyoitwa “Effacer le tableau”, yaani kufuta ubao. Watu wakageuzwa chaki. Na sisi wa Djugu tusijifiche nyuma ya mifano ya mbali. Wahema wa kaskazini na Walendu wanasema lugha moja, Kilendu. Tumeoana, tumeuziana maziwa na mihogo, na katika lugha hiyohiyo moja tukaitana wanyama. Hatukukosa mkalimani. Tulikosa kusimuliana.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuunda taifa la mazimwi, tulipe maisha yote. Tumewaweka katika mashimo ya zamani ya dhahabu, upande wa Kilo, ambako Wazungu walianza kuchimba mwanzoni mwa karne iliyopita. Wana ngozi nene na pembe za meno zinazotoka nje ya mdomo. Jino la kwanza la mtoto likichomoza, bibi yake mzaa mama hulivalisha pete ya majani makavu, na tangu siku hiyo hakuna ruhusa ya kumpiga mtoto huyo usoni. Wanakula sombe na bugali kama sisi, ila hawali kabla ya kugonga ukuta wa shimo mara tatu, kuwaaga waliofukiwa humo. Hawavai dhahabu. Kwao dhahabu ni mfupa wa ardhi, na anayevaa mfupa wa mama yake hapewi salamu. Wawili wakigombana, wanalishwa kutoka sahani moja siku saba, na mpishi ni yule aliyeumizwa. Aliyeua hulazimika kujifunza wimbo wa matanga wa ukoo wa marehemu, auimbe mbele yao bila kukosea. Akikosea anaanza upya mwaka unaofuata.

Hatukuwafanya malaika. Wanaiba mbuzi. Wana mabwana wakali, na miongoni mwao wapo wanaotaka vita kwa sababu vita inawalisha. Lakini mwovu wao ana jina, na jina hilo ni lake peke yake. Mahakama ya The Hague ilipotoa hukumu kuhusu Ituri, ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012, Germain Katanga 2014, Bosco Ntaganda 2019. Ilihukumu watu. Hakuna kabila lililosimamishwa kizimbani, na hadithi zetu zifuate njia hiyo.

Tunadai hivi kwa kila anayesimulia nasi: kabla zimwi halijamshika mtu, tujulishwe linamlilia nani likifiwa. Na kila mmoja asimulie hadithi ya jirani, asianze na ya kwao. Mlendu alete ya Wahema, Mhema ya Walendu, Mnyali ya Waalur, na mwenye hadithi akae palepale amsahihishe. Atakayekasirika kwa kusahihishwa anywe maji, aendelee. Hili ndilo gumu kuliko yote. Tumelijaribu mara mbili na mara zote mbili kuna mtu aliyeondoka. Mmoja amerudi.

Jina la chama hatujaliandika, kwa makusudi. Hapa kwetu jina la chama husomwa kabila kabla ya kusomwa kazi. Hatutoi kadi, hatupokei pesa za mwanasiasa, na mwenye bunduki aiache nyumbani hata kama ana haki ya kuibeba.

Tunakutana Jumapili baada ya ibada, karibu na pale wamotari wanapongojea abiria, na tunamaliza mapema, kwa maana jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021 na njia si ya kutembewa gizani. Njoo na mkeka. Mwenye kuni alete, kuna sufuria. Yule mtoto atakaa mbele, na yule papa ameahidi kuanza upya hadithi yake, safari hii kutoka ndani ya shimo, asubuhi, mama wa zimwi akiwa anatwanga majani ya muhogo.