Tulimzika bibi, kisha tukachoma mbegu zake

Wadau, leo sina umbea wa mjini wala habari za Bunge. Leo nina ugomvi. Na mtu wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe, kwa hiyo ukiona nimekupiga konzi mahali, ujue nimeanza na kichwa changu.

Bibi yangu mzaa baba alifariki Machi 2021, kijijini kwetu wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Tukazika, tukakaa matanga. Siku ya tatu ikasemwa jiko la bibi lisafishwe, maana wageni ni wengi na masizi yamezidi. Juu ya mafiga, kwenye fito za dari, yalikuwa yananing'inia masuke ya mtama, meusi tii kwa moshi. Pembeni kibuyu kimezibwa kwa gunzi. Shangazi akaniuliza, "Baba, na hivi tuvifanyeje?"

Mimi, msomi wa ukoo, mwenye shahada na kitambulisho cha uandishi wa habari shingoni, nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Tupeni tu shangazi, hivyo ni vya zamani."

Vikatupwa kwenye moto wa taka. Mtama ukalia moto, tap tap tap, watoto wakacheka wakidhani ni bisi. Hakuna aliyepiga kelele. Ndiyo kusema, siku ile tulizika mara mbili na hatukujua.

Msimu uliofuata baba alinunua mbegu ya mahindi chotara kwenye duka moja la pembejeo mjini. Mfuko mzuri, picha ya gunzi nono, bei ya kukopea. Nusu haikuota. Iliyoota ikakutana na ukame wa Februari, ule ambao kila Mgogo anaujua, mvua inapokata katikati ya msimu kama umeme wa mgao. Tukavuna debe za kuhesabu. Baba akaniuliza kwa upole, na upole wa mzee unauma kuliko fimbo: "Ule mtama wa mama mliupeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuutafuta.

Nilikwenda kuupata mwaka 2023, nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa mama mmoja mtu mzima ambaye bibi alimgawia bakuli la mbegu zamani. Nikamsalimu, nikaeleza shida, nikatoa na noti. Akaniangalia kama aliyeona mtoto amejikojolea. "Mume wangu," akanitania kama alivyokuwa akinitania bibi, "mbegu ya nyumbani kwenu unataka kuninunulia mimi? Rudisha hela yako mfukoni."

Kisha akaniketisha kwenye kigoda na kunisimulia historia ya ukoo wangu. Naam, nilisimuliwa historia ya ukoo WANGU na jirani, kwa sababu mimi niliyekuwa na bibi kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kumuuliza lolote zaidi ya "chakula kiko tayari?"

Sasa sikilizeni alichonisimulia.

Miaka ya 1917 hadi 1920 Ugogo ulikumbwa na njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya. Hii si hadithi ya kijiweni, mwanahistoria Gregory Maddox ameiandikia. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Watu wakala mizizi, wakala ngozi, wengi wakafa. Katika njaa hiyo, bibi yake bibi yangu alikuwa na kibuyu kimoja cha mtama mwekundu alichokifukia chini ya sakafu ya tembe, usawa wa kitanda chake. Akazika watoto wawili. Kibuyu hakukifukua. Mvua iliporudi ndipo alipokitoa, akapanda, akawagawia na majirani.

Nikamuuliza yule mama, "Aliitwa nani huyo?" Akafikiri sana. "Jina silijui, mwanangu. Bibi yako alilijua."

Jamani. Bibi yangu alilijua. Na mimi nilikuwa bize na simu.

Haya, wapo watakaosema: huruma zote hizo kwa ajili ya mtama? Mbegu za kienyeji ni duni, zinazaa kidogo, dunia imeendelea. Hoja hiyo naijua, nimewahi hata kuiandika kwenye gazeti. Tuijadili kwa utulivu.

Kwanza, duni kwa kipimo cha nani? Mtama wa bibi ni mwekundu, una tanini, mchungu kidogo mdomoni. Kwa sababu ya uchungu huo ndege hawaupendi sana. Mtama mweupe wa kisasa unaokomaa haraka ni mtamu, na kwelea kwelea nao wanajua hivyo. Mtu anayepima gunia kwa ekari kwenye shamba la majaribio lenye walinzi wa kuamia ndege ataona wa bibi umeshindwa. Mtu anayepima kama watoto watakula mwaka ambao mvua imekata na ndege wameshuka, ataona jambo lingine.

Pili, sisi watu wa Kongwa tusihubiriwe habari za utaalamu kutoka nje. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo hapo kwetu na mradi wa karanga, mradi mkubwa wa kuwalisha wao mafuta baada ya vita. Walikuja na matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya kivita vilivyogeuzwa. Hawakujali mwenyeji anajua nini kuhusu mvua na udongo wa pale. Kiangazi kilipofika ardhi ikakauka ikawa kama saruji, majembe ya chuma yakavunjika. Mwaka 1951 serikali yao ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Bibi yangu alikuwa binti wa miaka kumi na kitu wakati huo, na kwao walikuwa wanapanda mtama ule ule wa kibuyu. Nani alikuwa mtaalamu hapo?

Tatu, na hapa ndipo kiini cha ugomvi wangu. Ili aina ya mbegu iandikishwe rasmi, inatakiwa iwe na sifa tatu: iwe tofauti na nyingine, iwe sare, na iwe thabiti kizazi hadi kizazi. Neno la katikati hilo, sare, ndilo linalomtoa bibi uwanjani. Mtama wake si sare. Katika shamba moja kuna mrefu na mfupi, kuna unaowahi na unaochelewa, suke lililosimama na lililoinama shingo. Ofisini hiyo ni kasoro. Shambani hiyo ndiyo bima! Mvua ikikata mapema, uliowahi umeshakomaa. Ikichelewa, uliochelewa unaipokea. Bibi hakusoma takwimu lakini alijua kwamba darasa lililovaa sare likipigwa na ugonjwa mmoja linalala lote.

Sitaki kuwa mwongo. Chotara hazijaletwa na shetani. Mwenye maji, mbolea na mtaji, chotara humpa mavuno ambayo mbegu ya bibi haiwezi kuyafikia, na nchi yenye miji inayokua kama yetu haiwezi kulishwa kwa kibuyu. Pia uthibitishaji wa mbegu una maana yake: baba yangu alipouziwa mbegu isiyoota, ni taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu ndiyo iliyotakiwa kumlinda. Ninachokataa ni huu mchezo wa kusema ukipokea moja lazima ulitupe lingine motoni. Mbegu chotara ukiihifadhi na kuipanda tena haizai kama mama yake, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Mwenye mbegu mbili ana chaguo. Aliyechoma ya kwake ana deni.

Sheria nazo zinasemaje? Hapa kwetu Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa. Mwaka 2012 ikaja sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mpya, na mwaka 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wenye makao Geneva unaolinda haki za wazalishaji wa aina mpya. Tuwe wakweli: sheria hizo hazimkatazi bibi kumpa jirani bakuli la mtama wake. Lakini zimejaa ulinzi kwa anayetengeneza mbegu mpya, na kwa aliyeitunza ya zamani miaka mia moja hakuna hata ahsante. Kwenye daftari hana jina.

Majirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 iliweka kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya hadi shilingi milioni 1 za kwao kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Kubadilishana! Yaani lile bakuli la bibi lingekuwa kidhibiti mahakamani. Wakulima 15 wakafungua kesi mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu kule Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Wakulima 15, wadau. Si wanasheria 15, si sisi wenye shahada.

Kuna atakayesema usiwe na wasiwasi, benki za mbegu zipo. Ni kweli. Arusha ipo benki yetu ya taifa. Norway kuna ghala la Svalbard lililofunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima wa barafu, mbegu zinakaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nazipenda kazi hizo. Mwaka 2015, kwa sababu ya vita vya Syria, watafiti waliokuwa na benki yao Aleppo walilazimika kuchota akiba yao Svalbard ili waanze upya. Kwa hiyo barafu inafanya kazi.

Lakini barafu haihifadhi maneno. Mbegu ikifika benki inaandikiwa namba, mahali ilipotoka na tarehe. Haiandikiwi kwamba suke la mbegu huchaguliwa katikati ya shamba, kabla watoto hawajaingia kuvuna. Haiandikiwi kwamba huchanganywa na majivu, wala kwamba huu ni wa ugali na ule ni wa pombe. Yule mama ndiye aliyenieleza hayo yote kwa nusu saa. Bila yeye ningekuwa na punje tu mkononi, kama mtu aliyerithi simu bila namba ya siri.

Na kuna jambo linanikera. Dunia inawakumbuka wanasayansi wa Leningrad ambao, mji wao ulipozingirwa na Wajerumani kuanzia 1941, walikufa njaa wakilinda hazina ya mbegu bila kuila. Wanastahili heshima hiyo. Sasa niambieni, bibi yake bibi yangu amewazidiwa nini? Na yeye alikaa juu ya mbegu akiwa na njaa, tena akiwa amezika wanawe. Tofauti ni kwamba wale waliandikwa na wenzao, na yeye alikuwa na kilembwe mwandishi wa habari asiyeuliza maswali.

Sasa nawageukia ninyi wasomi wenzangu wa Sinza, Tabata na Mbezi. Tunanunua unga wa mtama kwenye supamaketi kwa bei ya kuruka kwa sababu pakiti imeandikwa maneno ya afya, halafu tukienda kijijini tunamcheka shangazi anayekula ugali mwekundu. Tunapigana mitandaoni kuhusu utamaduni wa Mwafrika, na utamaduni wenyewe unaning'inia juu ya mafiga unasubiri kuchomwa. Tunakariri historia ya Napoleon kwa ajili ya mtihani na jina la aliyetuvusha Mtunya hatulijui. Tusimsingizie Mzungu kwa hili. Moto niliuwasha mimi.

Ombi langu ni dogo. Desemba hii ukienda kwenu, zima data nusu saa. Msalimu bibi, kaa chini, washa kinasa sauti cha simu. Uliza: mbegu hii ulipewa na nani? Naye alipewa na nani? Inapandwa lini, inapikwaje, mwaka gani iliwaokoa? Uliza MAJINA. Kisha omba bakuli moja, ulipande hata kwenye ndoo. Na tukionana na wabunge wetu tuwaombe jambo moja tu: lifunguliwe daftari la mbegu za wakulima, lisilodai sare, ambalo mwenye mbegu ataandikwa jina lake na kijiji chake, na auze waziwazi bila hofu.

Mimi nina chupa ya lita moja juu ya friji chumbani kwangu, mtama na majivu. Nyingine ipo kwa baba, ameshaipanda misimu miwili. Mbegu imerudi. Jina halijarudi. Nimeuliza wazee watatu kijijini, na mmoja alifariki kabla sijarudi mara ya pili.

Naomba kutoa hoja.