Mawe Yabaki Mtoni

Katika korongo la mto Kotaki, karibu na Itoigawa nchini Japani, genge la mawe ya chokaa la mlima Myojo limesimama wima juu ya majabali ya jedi, kito cheupe na kijani. Zamani wataalamu walidhani kwamba jedi ya mapambo ya kale ya Wajapani ililetwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1938 ikagunduliwa katika bonde hilohilo. Nilipolizuru, ndugu msomaji, tamaa ilinishika, nakiri. Lakini tangu 1956 korongo linalindwa kisheria na kuokota ni marufuku. Naafiki, hata kwetu wenye nyundo za kitaalamu. Jedi huumbika chini sana ardhini, penye mgandamizo mkubwa. Likiwekwa kabatini, jiwe hutengwa na mwamba uliolipandisha.