Dodoma: Kabla ya kulipia chumba, uliza mtaa

SAA 11:30 alfajiri, mbele ya gesti moja katikati ya Jiji la Dodoma, mama mmoja alisimama akitafuta bajaji. Mgongoni alibeba mtoto wa miaka minne aliyelala fofofo, na pembeni yake alikuwepo mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa na kliniki ya sukari katika Hospitali ya Benjamin Mkapa na aliambiwa afike bila kula ili apimwe damu. Tangu saa 1 ya usiku uliopita hakuwa ametia kitu mdomoni.

Walichelewa kuanzia chumbani. Baa iliyo chini ya gesti ilipiga muziki hadi saa 8 usiku, mtoto akawa analala na kuamka. Alfajiri bomba likawa kavu, ikabidi mhudumu aamshwe alete ndoo. Dereva wa kwanza wa bajaji alitaja nauli ya kushangaza, wa pili alikuwa anakwenda kujaza mafuta. Walipoondoka kulishakucha, na barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imejaa wafanyakazi wanaokwenda ofisini.

Katikati ya safari bibi akaanza kutokwa jasho na mikono ikatetemeka. Binti yake alisimamisha bajaji, akanunua juisi dukani na kumnywesha. Alifanya vizuri, maana sukari ikishuka namna ile hakuna kusubiri kipimo. Ila walipofika hospitali, kipimo cha mtu asiyekula kilikuwa hakiwezekani tena. Wakaambiwa warudi kesho, na hiyo kesho ilikuwa na chumba cha kulipia, chakula cha watu watatu na nauli nyingine.

Kinachouma zaidi ni kwamba jioni iliyotangulia walipita karibu na walikokuwa wanakwenda. Basi lao lilitoka Singida, likaingia Dodoma kwa upande wa magharibi, likavuka mji na kuwashusha Stendi Kuu ya Nanenane, Nzuguni, upande wa mashariki. Hospitali nayo iko upande huo huo, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Lakini mama yule alikuwa ameshalipia chumba kwa simu, kwa sababu kilikuwa na picha nzuri na maelezo kwamba kipo “katikati ya mji”. Akakodi bajaji kurudi magharibi, na asubuhi akakodi nyingine kurudi alikotoka.

Neno “katikati” limewaponza wengi. Katika miji mingi ya mikoani, aliyelala karibu na soko yuko karibu na kila kitu. Dodoma ni habari nyingine. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko, mji ulipangwa kwa kutawanywa, makazi yakiachiana nafasi. Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007 kikapewa vilima vya mashariki. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati. Hata anayeshuka kwenye treni ya SGR asidhani ataibukia stesheni ile ya zamani iliyo hatua chache kutoka madukani.

Kwa hiyo mzazi anayepanga safari aanze na shughuli yake na saa anayotakiwa kufika, ndipo atafute chumba. Mwenye mgonjwa Benjamin Mkapa, au anayempeleka mtoto kuanza chuo, atafute Iyumbu, Makulu, Ng'ong'ona au Kisasa. Mwenye faili wizarani Mtumba naye abaki upande huo wa mashariki, Nzuguni au Ihumwa, hata kama madukani ni mbali. Ni yule mwenye mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile watu wanayoiita General, au mwenye kufuata bidhaa soko la Majengo, ndiye anayefaidi kulala Makole, Uhindini au Viwandani. Familia iliyokuja kutembea tu, watoto waone Nyerere Square na kula zabibu, itapumua vizuri Area C au Area D. Hata huko, mtaa mmoja unaweza kuwa kimya kama msikiti saa 4 asubuhi na mtaa wa pili ukawa na baa tatu.

Ndiyo maana swali la bei lisiwe la kwanza. Mhudumu aulizwe baa ya karibu iko wapi na inafunga saa ngapi. Aulizwe kama wana tangi, kwa sababu maji ya jiji hili yanategemea sana visima vya Mzakwe na mgawo si jambo geni. Aulizwe kama saa 11 alfajiri bajaji inapatikana mlangoni, na kama yupo dereva wanayemwamini ambaye namba yake inaweza kutolewa. Akijibu haraka haraka “vyote vipo, dada, njoo tu”, apigiwe mwingine. Wenye watoto wadogo waulize pia mablanketi. Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi na upepo ambao mtu wa Pwani haujui.

Kalenda nayo ina neno. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huwa linakaa, vyumba vinakuwa adimu na bei inapanda. Wiki ya kwanza ya Agosti maonyesho ya Nanenane hujaza Nzuguni. Siku za mahafali, anayefika jioni bila chumba huishia popote alipopata.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kuliko bei: ndugu. Mama yule ana mama mdogo Kizota, upande wa magharibi, ambaye alisikia habari za gesti baadaye na akanuna wiki nzima. Kliniki ya pili ilipokaribia, binti akampigia mapema.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba. Safari hii mnafikia kwangu. Dada yangu hawezi kulala gesti na mimi nipo hai.”

“Tunakuja kwako, mama mdogo, tena siku mbili. Ila usiku wa kuamkia kliniki tulale Iyumbu. Akitokea Kizota lazima aamke saa 10, na hajala.”

Kimya kikapita. Wengi hufika hapo wakarudi nyuma kwa kuogopa kuonekana wanadharau, mgonjwa akavushwa mji mzima gizani kwa ajili ya heshima. Huyu hakurudi nyuma. Alieleza tena yaliyotokea ndani ya bajaji, juisi na yote, taratibu.

“Basi chakula cha hospitali naleta mimi,” mama mdogo akasema. “Hilo usinikatalie.”

Chumba cha Iyumbu hakikuwa na picha nzuri wala runinga. Kilikuwa na tangi uani na dereva wa bajaji aliyekuja saa 12 kamili. Saa 1 kasoro bibi alikuwa kwenye benchi na damu ikachukuliwa mapema. Saa 2:30 mama mdogo akatokea getini na chupa ya chai, hotipoti ya viazi vitamu na kanga imefungwa vizuri kiunoni.

“Damu wameshachukua?”

“Tayari.”

“Haya dada, kula.”