Natembea kwa Sababu Nimemeza Dawa

Kuna swali moja ambalo sisi wenye baridi yabisi tumechoka nalo: "Lakini mbona unatembea?" Anayeuliza hudhani amekushika uongo. Kwake, mtu mwenye maumivu ya kweli hulala kitandani akiugua. Ukionekana umepanda matatu, umebeba mboga ama umecheza kwa harusi, basi wewe unaigiza tu, na hiyo dawa unayoitaka ni ya kulewa.

Hesabu hiyo iko kichwa chini. Mimi simezi dawa ili nilale. Nameza ili niamke.

Jina lenyewe limetuponza. Watu wakisikia baridi wanakushauri uvae sweta. Huu ugonjwa hauletwi na baridi: kinga ya mwili inageukia utando wa ndani wa viungo na kuushambulia kama adui. Asubuhi vidole vimekakamaa hadi kufunga kifungo cha shati ni kazi. Huwapata hata vijana, na wanawake zaidi ya wanaume.

Dawa za kuuzuia zipo, kama methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki. Tramadoli, kodeini na mofini, zile za jamii ya afyuni, haziuzuii hata kidogo. Zinatuliza maumivu tu, na zina bei yake: usingizi, choo kigumu, uraibu. Madaktari wanashauri zisiwe za kwanza, na zisitumike muda mrefu. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni huu. Methotreksati huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuleta nafuu. Wataalamu wa ugonjwa huu nchini ni wachache mno, na wengi wako Nairobi. Wakati huohuo unaambiwa ufanye mazoezi, na ni kweli, kwa sababu msuli usiotumika hunyauka na kiungo kikabaki bila mlinzi. Sasa niambie, utakunja vipi goti ambalo hata shuka likiligusa unalia? Dozi ndogo, kwa muda mfupi, chini ya daktari, inaweza kuwa ndiyo daraja la kukuvusha.

Lakini nenda dukani na karatasi ya daktari mkononi uone. "Dadangu, hii vijana wanaitumia vibaya," naambiwa, na jicho linanipima kama teja. (Na teja naye ni mgonjwa, anahitaji tiba, si dharau.) Kaunta hiyohiyo itakuuzia diklofenaki bila swali hata moja, ingawa ukiizoea inaweza kuchoma tumbo na kuharibu figo. Hiyo haiitwi mihadarati, kwa hivyo hakuna anayejali.

Tukilalamika tunatajiwa Marekani. Sawa, tuitaje. Purdue Pharma ilileta OxyContin sokoni mwaka 1996, ikaisukuma kwa madaktari kana kwamba uraibu ni jambo dogo, na mwaka 2020 ikakiri makosa ya jinai. Ule ulikuwa ulafi wa biashara. Mwaka 2017, tume ya jarida la Lancet ilionyesha upande wa pili: kati ya tani 298.5 za dawa hizi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Wao walizama, sisi tuna kiu, halafu tunahubiriwa hatari ya mafuriko.

Na usiniambie Mwafrika hawezi kuzisimamia. Hapo jirani Uganda, wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kuandika mofini tangu 2004, na wagonjwa, hasa wa saratani, huipata bure. Udhibiti upo, na huruma ipo.

Kwa hivyo, daktari, usinipime kwa machozi. Niulize nataka kufanya nini wiki hii: kupanda ngazi, kuandika saa mbili, kufua nguo zangu. Tukikutana tena tuhesabu. Kama dawa imeniwezesha, tuendelee kwa tahadhari. Kama imenilaza tu, iondoe, sitakupigia kelele.

Nanyi mnaotuambia tuvumilie, najua mvumilivu hula mbivu. Lakini vidole vikishapinda, hiyo mbivu ataimenya na nini?